Mnawatundikia Nyuki, Nanyi Mnalala Chini

Wanangu wa Manyoni na Itigi, nanyi mnaotoka Iramba, Ikungi na Mkalama kuja huku wakati wa asali, sogeeni mnisikilize. Ninayotaka kusema si mapya. Baba zenu niliwaambia kabla ninyi hamjazaliwa, na kila mwaka mvua zikishakatika nawaona tena vijana wakirudi kutoka porini: mikono imevimba kwa kuumwa, macho mekundu kwa kukesha, na baadhi yao wamepakiwa kwenye pikipiki na kushikiliwa na mwenzao, kwa sababu homa haiwaachi wakae wima. Sauti yangu imechoka na magoti yangu yamechoka, lakini kuwaonya sijachoka. Kaeni tuzungumze habari ya mahali pa kulala.

Mtazameni mfugaji anapotundika mzinga. Hakubali mti wowote tu. Huzunguka, huinua shingo, hutafuta mti wenye kivuli, usio na tawi lililooza, ulio karibu na maji na maua, mbali na njia ya ng'ombe. Mzinga huuning'iniza kwa waya ili nyegere asiupate kirahisi, na waya huo huupaka grisi ili siafu wasiteremke. Akimaliza hurudi nyuma, hutazama kama umekaa sawa, na usipokaa sawa hupanda tena. Kazi hiyo yote huifanya kwa ajili ya wadudu. Jioni ikiingia, mtu yuleyule hutandaza gunia chini, hujifunika kitenge usoni huku miguu iko nje, akasema kwamba amelala.

Hilo ndilo linaloniuma. Ujuzi mnao. Mikono yenu inajua kukagua mti, kufunga fundo na kuwazuia siafu. Kinachokosekana ni kuuona mwili wako mwenyewe kuwa unastahili kazi ileile unayomfanyia nyuki. Babu zetu waliliona hilo walipojenga dungu shambani la kulindia mtama: aliyepanda juu alilinda ndege, akalinda na mgongo wake usiguse ardhi.

Ardhi ya huku ina wenyewe, wanangu. Funza yumo kwenye vumbi palipolala mifugo. Kupe yuko kwenye majani ya kando ya njia. Nge hutembea usiku. Ila ninayemhofia kuliko hao wote ni papasi. Yeye huishi kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, kwenye tembe zetu, kwenye vibanda vilivyoachwa, hata kwenye mashimo ya ngiri. Mchana hujificha. Usiku hutoka, hunyonya, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Asubuhi unaona doa tu, mwenyewe humwoni. Anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja mtu wa kulala juu yake.

Nyika hii yetu zamani iliitwa Mgunda Mkali, na misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji iliipita kwa hofu ya kiu. Kiu walijua kuitaja. Papasi walilala naye tu. Mwaka 1905 Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa nchini wakati wa ukoloni wa Wajerumani, aliwakuta papasi kwenye vibanda walimopumzika wapagazi kando ya njia za misafara, akaonyesha kwamba papasi jike huvirithisha vimelea vya homa ya papasi kwa watoto wake kupitia mayai. Mwaka huohuo, upande wa Kongo Mashariki, homa hiyo ilimshika daktari Joseph Dutton aliyekuwa akiichunguza, akafa. Waliotangulia wameshalipa gharama ya elimu hii. Kwa hiyo mkifika porini mkakuta kibanda cha mrina asali wa zamani, msifurahi kwamba Mungu amewapa nyumba. Kipiteni. Na kambi mpya msiiweke kando ya mashimo ya ngiri.

Basi tulale wapi? Siku hizi madukani mijini, na kwenye marundo ya mitumba, ipo machela: kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili. Watu wa visiwa vya Karibi walilala humo kabla Christopher Columbus hajafika kwao mwaka 1492, na mabaharia wa Ulaya wakaiga. Ni kitu kizuri kwa mtu wa porini: chepesi, hakihitaji ardhi iliyosawazika, na kinaukata kabisa mguso wako na papasi na funza. Lakini nimeona vijana wakinunua machela kwa kupenda rangi, na baada ya usiku mmoja wakarudi kwenye gunia wakisema kitu hiki kinavunja mgongo. Mgongo ulivunjwa na uchaguzi, na ufungaji.

Anza na urefu. Mtu mzima anahitaji machela ya mita 3 au zaidi kidogo, na upana usiopungua mita moja na nusu. Ile fupi inakukunja katikati, magoti yanajipinda kinyume, mabega yanabanwa. Ukiipata ndefu na pana, usilale kwa kuifuata kamba. Lala mshazari, kichwa kikienda pembe moja na miguu pembe ya upande wa pili. Hapo kitambaa hunyooka chini yako na mgongo hukaa karibu sawa. Kwa ajili hiyo tu upana unatakiwa. Asiyejua kulala mshazari ataichukia machela yoyote atakayopewa.

Kisha kitambaa. Iliyofumwa wazi kwa nyuzi ni ya kupumzikia barazani. Porini inachora ngozi, inaingiza baridi, na kila tundu lake ni mlango wa mbu. Ya pamba ni laini lakini ni nzito, hunywa maji na huchelewa kukauka. Nailoni iliyofumwa kwa kubana ndiyo ya safari. Ile yenye fimbo mbili za kuitanua kwenye ncha inapendeza kwa macho, lakini hupinduka upesi na kumwaga mtu. Usiwe mtumwa wa duka: fundi cherehani mzuri, ukimpa nailoni imara na kumwambia akunje mapindo mara mbili na kupitisha mishono zaidi ya mmoja, atakushonea machela itakayokaa miaka. Kabla hujailalia, ifunge chini chini na uipakie gunia la mahindi la kilo 100. Kama itakatika, ikatike na gunia.

Kuhusu kufunga, mti uwe hai na mnene, na tazameni juu kabla ya kutazama chini, kwa maana tawi kavu huanguka usiku wa upepo. Msifunge kwenye miti ya miiba, na hasa ile migunga ya mbugani yenye vinundu: ndani ya vinundu hivyo wamo sisimizi wanaoulinda mti wao, nao hawatambui kwamba wewe ni mgeni mwema. Nafasi kati ya mti na mti iwe mita nne hadi tano. Kwenye mti tumieni mkanda mpana, kwa sababu kamba nyembamba hula gome, na mti ulioliwa gome hauwalishi tena nyuki wenu. Kamba ishuke kwa mteremko wa nyuzi 30 hivi. Kijana huikaza mpaka inyooke kwa kudhani kwamba kukaza ndiko kutamnyoosha mgongo, kumbe anaongeza mzigo kwenye mafundo na kuifanya machela imbane mabegani. Iacheni ilegee. Ukikaa katikati yake, makalio yawe kimo cha kiti cha kawaida, nyayo zikifika chini.

Juu ya machela pitisheni kamba ya pili, nyembamba, kutoka ncha hadi ncha. Kwa machela ya mita 3 kamba hiyo iwe na mita mbili na nusu hivi. Inafanya kazi mbili: inahakikisha machela inalegea kiasi kilekile kila usiku, hata miti ikibadilika, na juu yake ndipo chandarua kinapotundikwa. Sasa hapo tumefika kwenye kiini cha nasaha yangu.

Wengi hudhani mbu huja kutoka juu. Wanaweka chandarua juu ya machela, pembe zinaning'inia pembeni, wanalala kwa amani, na asubuhi mgongo na mapaja vimejaa vipele. Mbu alipita chini. Kitambaa chembamba kilichovutwa na uzito wa mtu hakiuzuii mdomo wa mbu. Anasimama upande wa chini na kunyonya bila bughudha usiku kucha. Mzinga ukiwa na ufa kwa chini mnauziba, kwa sababu mnajua adui hachagui mlango wa mbele. Machela yenu pia ina upande wa chini.

Dawa yake ni mojawapo ya mbili, na bora zote mbili. Kwanza, machela iwe ya matabaka mawili, na katikati pachomekwe mkeka au sponji nyembamba. Hiyo itawasaidia na baridi pia, maana uwanda wetu uko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, na upepo wa Juni na Julai hupita chini ya mgongo uliotundikwa ukachukua joto lote. Blanketi unalolilalia hugandamizwa na uzito wako likakosa joto. Ndiyo maana mtu hutetemeka juu ya blanketi zito. Pili, chandarua kikuzunguke chote, juu na chini, na machela ikae ndani yake. Mnaponunua, kichagueni cha pembe nne. Kile cha duara kinachoning'inia kwenye pete moja kinafaa kitanda cha nyumbani, lakini kwenye machela kitakugusa kichwani na miguuni, na mahali chandarua kinapogusa ngozi mbu hupenyeza mdomo. Fundi akiongezee kitambaa cha chini na zipu ndefu ubavuni, na kwenye ncha zote mbili, pale kamba zinapotokeza, aweke mikono ya kitambaa yenye uzi wa kukaza. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jeshi la Marekani liliwashonea askari wake wa misituni machela yenye chandarua na paa katika kitu kimoja. Fundi wetu akielezwa vizuri ataweza.

Tundu la chandarua lisizidi milimita moja na nusu hivi. Hilo humzuia mbu, ila usubi ni mdogo zaidi na anaweza kupita. Penye usubi tafuteni wavu uliobana zaidi, na mjue kwamba mtapata hewa kidogo. Chandarua kikichanika, kishoneni siku hiyohiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa chandarua ni tundu la kidole tu.

Kamba za machela ni barabara ya siafu. Mnalijua hilo kwenye mizinga, basi lifanyeni na hapa: kwenye kila kamba, kabla haijafika kwenye chandarua, fungeni kitambaa kilicholowa mafuta ya taa, mbali na moto. Mvua zikikaribia fungeni hapohapo na uzi mfupi unaoning'inia, ili maji yanayotambaa juu ya kamba yadondoke hapo yasiingie kitandani, na turubai litandwe juu. Moto usiwashwe chini ya machela hata kukiwa na baridi ya namna gani. Nailoni huyeyuka juu ya ngozi. Moshi wa kivumbasi unasaidia mnapoota moto jioni, ila makaa yakifa mbu hurudi, na kifua cha mtu hakikuumbwa kuvuta moshi mpaka asubuhi.

Chandarua kifungwe jua likiwa bado linaonekana. Mbu wa malaria huanza kazi giza likianza kuingia na huendelea hadi alfajiri. Mkiingia, mulikeni pembe zote kwa tochi kabla ya kulala, kisha zimeni, kwa maana taa huwaita wadudu, na baada ya kurina huwaita na nyuki wenye hasira. Kambi iwe mbali na mizinga, mbali na lambo, na mahali palipoinuka penye upepo.

Sasa nasikia neno ambalo limenichosha masikio: "Mzee, Singida hakuna malaria." Ni kweli kwamba mkoa wetu ni miongoni mwa ile yenye malaria kidogo nchini. Lakini kidogo si hakuna, na kwa sababu ni kidogo, miili yenu haijaizoea; ikiwapata inawapiga vibaya kuliko mtu wa mahali inapoumwa mara kwa mara. Tena ninyi hamkai Singida tu. Mnafuata maua hadi misitu ya Sikonge, mkoani Tabora, na huko malaria si kidogo. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vilianza kutengenezwa Arusha mwaka 2003. Hatuagizi kinga kutoka mbali. Tunaidharau tu ikiwa karibu.

Na wanaokwenda upande wa Rungwa, Kizigo na Muhesi wana adui wa mchana, mbung'o. Huyu hangoji giza, huuma kupitia nguo, na ndiye mbeba malale. Anavutwa na kitu kinachotembea, na anapenda rangi ya buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Basi anayenunua machela ya buluu kwa sababu inang'aa amejishonea mtego, na yeye ndiye chambo. Chukueni rangi ya kaki au kahawia iliyopauka, na mkilala mchana chandarua kifungwe vilevile. Tena mjue kwamba machela haimzuii simba wala fisi wala tembo. Pori la akiba halikanyagwi bila kibali, na mnapopewa kibali sikilizeni askari wa wanyamapori anapowaonyesha pa kulala.

Kuna jambo ambalo mfugaji wa nyuki lazima alijue kuliko mtu mwingine yeyote. Dawa iliyomo kwenye chandarua inaua mbu, na inaua nyuki pia. Msikitundike karibu na mizinga, msikifunike kwenye ndoo ya asali, na msikifulie kwenye maji wanayokunywa nyuki, wala ziwani Kitangiri, kwa kuwa dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Kikiwa kipya kianikeni kivulini siku nzima na usiku wake kabla ya kukilalia. Kikichafuka kifueni kwenye beseni kwa sabuni ya kawaida, maji yamwagwe kwenye shimo mbali na kijito, na kianikwe kivulini, kwa sababu jua kali hupunguza nguvu ya dawa.

Mkirudi nyumbani, vueni nguo nje, mkung'ute, mkague makwapa na nyuma ya magoti kwa ajili ya kupe. Homa ikikupata wiki zinazofuata, nenda zahanati siku hiyohiyo na umwambie mganga ulilala wapi. Kipimo kikisema huna malaria usifurahi ukarudi nyumbani. Homa ya papasi hupanda, hushuka ukadhani umepona, kisha hupanda tena baada ya siku kadhaa. Vimelea vyake huonekana kwenye damu chini ya hadubini, na dawa yake ipo, ila mganga hawezi kuikumbuka homa hiyo kama wewe umemficha kwamba ulilala kwenye kibanda kibovu. Kwa mama mjamzito homa hiyo inaweza kuondoka na mimba. Kwa hiyo na magunia mliyolalia msiyaingize chumbani kabla ya kuyakung'uta na kuyaanika juani.

Limebaki moja, na hili nalisema kwa uchungu. Wapo wanaume ambao msimu wa asali ukifika hukifungua chandarua cha nyumbani, wakakikunja, wakaondoka nacho porini. Baba analala salama ndani ya chandarua, na watoto aliowaacha wanaumwa na mbu kwenye kitanda chao wenyewe. Mwingine hukitumia kufunikia vifaranga au kuzungushia bustani ya vitunguu. Wanangu, asali mnaitafuta kwa ajili ya nani?

Mkishauza asali ya msimu huu, kabla ya kununua redio au simu mpya, tengeni fedha ya chandarua cha pili na ya kitambaa cha machela. Mpelekeeni fundi mapema, wakati wa mvua, akiwa hana kazi nyingi. Itundikeni kwanza uani, mlale humo usiku mzima mkiwa karibu na nyumba, mjue mnapobanwa na mnapoumwa, mrekebishe. Na siku mtakapofunga mizigo kwenda porini, ingieni chumbani mwa watoto mkague chandarua chao kwa mkono, tundu kwa tundu, kisha mkiache palepale kilipo.